Mstari wa Nne Chini ya Kitufe

Kambini, tarehe 4 Februari.
Leo ni miezi kumi na minne na siku tisa tangu nitoke nyumbani.

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, na mama, na yeyote aliyekaa kwenye benchi la mlangoni wakati mnasoma hii. Mimi ni mzima ukiacha mgongo, na mgongo wenyewe nimeshauzoea kama mtu anavyomzoea mpangaji msumbufu. Mvua bado. Handaki limeingia mlimani hatua mia nne na kitu, maji yanatudondokea kichwani kutwa nzima, na wachimbaji wakitoka jioni huwezi kujua nani ni nani mpaka aongee.

Mimi bado niko ghala. Nashusha mzigo, napanga, natoa. Lori linakuja kila baada ya wiki mbili na dereva wake tunamwita Kobe, maana hajawahi kuwahi popote. Ndiye anayebeba barua hizi mpaka mjini. Bondeni huku simu za mkononi ni za kutazamia saa tu, mtandao hamna. Ofisi ina simu moja, na hiyo ni ya misiba na ajali.

Sasa nikusimulie jambo la aibu, wewe uliyesoma mambo ya simu huenda ukacheka. Tangu mwaka uanze hati za karatasi zimefutwa. Orodha ya mzigo iko ndani ya simu ya Kobe, anaipakia mjini. Mimi naisoma kwa sauti, wenzangu wanashusha, mwisho nabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa NIMEPOKEA YOTE. Wiki mbili zilizopita nimesoma saruji, nondo, misumari, mabomba, mafuta, nikabonyeza, Kobe akaondoka kwenda kambi ya pili. Kesho yake ikajulikana kulikuwa na kreti sita za glavu. Zimezunguka na lori, zikarudi mjini. Watu wameshika saruji mbichi kwa mikono mitupu siku kumi na nne, na ngozi zao nazitazama kila tunapokula.

Msimamizi wetu, yule Msumari niliyekuandikia habari zake, aliniita mbele ya wote.

"Hukusoma hadi chini."

"Nimesoma hadi chini."

"Basi chini yako na chini yetu si moja. Shule uliacha darasa la ngapi?"

Watu wakacheka, hata wenye mikono iliyochubuka. Sikujibu. Lakini nakwambia wewe, nimesoma polepole, kwa kidole, na chini ya mafuta hakukuwa na kitu. Kulikuwa na kitufe.

Nikuulize na jingine. Barua yako ya mwisho haikuwa na mstari wa mama. Kila mara unamwachia nafasi chini na yeye anaandika lake moja, hata kama ni "vaa kitu kizito". Safari hii nimegeuza karatasi mbele na nyuma. Likizo yangu ya wiki mbili inaangukia Aprili, kwa hiyo niambie kama yuko salama, nijue namna ya kupanga.

Wako,
Kaka

*

Nyumbani, tarehe 26 Februari

Kaka yangu,

Tumepata barua yako na tumefurahi. Pole kwa mgongo. Huku hatujambo. Mlango wa uani umepakwa rangi, ile ya kijivu uliyoinunua ukaiacha chini ya ngazi. Jirani wa juu amefunga ndoa na sasa tuna nyayo nne kichwani badala ya mbili. Ofisi yetu imehamia ghorofa ya tatu, hatuna lifti, na mkubwa wetu anafika mezani akiwa hana pumzi ya kumgombeza mtu mpaka saa nne. Kazi ni ileile, programu ya dawa, ile niliyomwekea mama kwenye simu yake kabla hujaondoka. Watu wengi wanaitumia sasa.

Mama hajambo. Hakuandika mstari wake kwa sababu nilijaza ukurasa mpaka ukingoni, halafu alikuwa amelala. Usiwe na wasiwasi.

Kaka, habari ya zile glavu hainitoki kichwani. Naomba unijibu vizuri, hata kama unaona ni mambo madogo. Simu ya Kobe ni kubwa au ndogo? Maandishi yake ni makubwa kuliko ya kawaida? Ulipoivuta orodha juu kwa kidole, ilisogea kidogo ikarudi, au haikusogea kabisa? Uliona hata ncha ya neno jingine juu ya kile kitufe? Nichoree kama unaweza. Usimuulize mtu mwingine, nataka ulichokiona wewe.

Vaa kitu kizito.

Mdogo wako

*

Kambini, tarehe 17 Machi.
Miezi kumi na mitano na siku kumi na tisa.

Mdogo wangu,

Nakusalimu, namsalimu mama, nawasalimu maharusi wa juu na nyayo zao. Nimefurahi kwa mlango. Rangi ile nilifikiri imeshaganda.

Mimi naendelea. Mvua imeanza na njia imekuwa uji. Kobe amefika na siku mbili za ziada, akasema safari hii kosa si lake, tukampigia makofi.

Umeniuliza kama hakimu, nami nakujibu kama shahidi. Simu ya Kobe ni ndogo, ina ufa, na maandishi ameyakuza kwa sababu macho yake yamechoka na hataki miwani. Nimemwomba tena safari hii, nikaitazama kwa utulivu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Unaona mistari mitano, halafu kitufe cha kijani. Nikivuta juu kwa kidole, orodha inapanda kidogo kama mtu anayeinuka kitini, unaona ncha za herufi zinachungulia juu ya kitufe, ukiachia tu inakaa tena. Ncha zenyewe ukizitazama haraka utadhani ni uchafu wa kioo. Mstari wa sita uko pale, ila umelala chini ya kitufe kama mtu chini ya kitanda. Kumbe sikuwa kipofu. Nimemwonyesha Msumari. Alivuta yeye mwenyewe mara tatu, akasema "hm", akaenda zake. Kwake hiyo ndiyo samahani.

Nikwambie tunavyofanya sisi ghalani, labda itakusaidia. Tukipanga maboksi ukutani, safu moja mbele na nyingine nyuma yake, anayekuja kutoa anaona safu ya mbele tu. Akimaliza ya mbele anadhani ghala ni tupu. Kwa hiyo boksi la mwisho la safu hatulisukumi mpaka ndani. Tunaliacha nusu nje, limejitokeza, linamgonga mtu bega. Ukiona boksi limekaa vibaya ujue nyuma yake kuna jingine. Boksi likikaa sawasawa na ukuta, ndipo umefika mwisho. Mgeni anadhani sisi ni wavivu wa kupanga. Orodha ya Kobe ilikuwa imekaa sawasawa mno. Hiyo ndiyo iliyonidanganya.

Kuhusu likizo. Jirani yangu wa kitanda, mchomeleaji, mkewe amejifungua na yeye zamu yake ya kupumzika ni mpaka Septemba. Umeniandikia mama hajambo, basi nimempa Aprili yangu. Alinifulia mashuka. Nimetia sahihi ofisini, haigeuki.

Mstari wa mama sikuuona tena. Safari hii ukurasa wako ulikuwa na nafasi chini, vidole vinne nimepima. Sitauliza mara ya tatu.

Kaka

*

Nyumbani, tarehe 6 Aprili

Kaka,

Salamu zako nimezipokea. Sitaandika habari za nyumbani kabla ya hii, maana nikianza nazo nitajificha humo.

Mama hakuwa mzima nilipokuandikia. Tarehe tisa Januari nilimkuta asubuhi ameketi sakafuni jikoni, kikombe mkononi, chai imemwagika, ananitazama kama anataka kuniuliza saa ngapi na neno halitoki. Kiharusi. Alilazwa siku kumi na moja. Upande wa kulia umelegea, mkono zaidi kuliko mguu. Anaongea, lakini maneno yanatoka mazito na mengine yanabaki njiani. Ndiyo sababu hakuna mstari. Hawezi kushika kalamu.

Ningeweza kupiga ile simu ya ofisi yenu. Niliinua simu mara mbili. Wewe ulipokuwa hapa ulimpangia dawa kwa mkono wako, asubuhi na jioni, kwenye kisahani. Siku unaondoka ulitaka kubandika karatasi ukutani nikakucheka. Nilikwambia nenda kwa amani, simu itamkumbusha, mimi mwenyewe nimeitengeneza. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Ulimwacha na dawa tatu. Novemba iliyopita daktari aliongeza ya nne, ya presha. Nikaiingiza kwenye programu, nikaweka pakiti kwenye boksi lake, nikamwambia asihangaike kukariri, afuate simu. Pale hospitali daktari aliuliza kama anaimeza, nikajibu kwa niaba yake, ndiyo, kila siku. Nimerudi nyumbani kuchukua nguo nikaikuta pakiti haijafunguliwa.

Nilimuuliza palepale kitandani, kaka. Alijitahidi sana kunijibu.

"Simu ilisema nimemaliza."

"Simu haisemi hivyo, mama. Umesahau wewe."

Akageuzia uso ukutani. Hajabishana tena nami tangu siku hiyo, na unajua mama anavyopenda kubishana.

Halafu ikaja barua yako. Niliisoma ngazini nikipanda ofisini, nacheka habari za Kobe, mpaka nilipofika kwenye "chini ya mafuta hakukuwa na kitu, kulikuwa na kitufe". Nilikaa kwenye ngazi. Watu wakanipita. Niligeuka nikarudi nyumbani, nikachukua simu ya mama, ile ndogo uliyomnunulia. Maandishi yake makubwa, niliyakuza mimi mwenyewe ili aone. Dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kitufe: NIMEMALIZA. Nikavuta. Ikapanda kidogo, ikashuka.

Nilitaka kuhakikisha kwanza, ndiyo maana nikakuuliza maswali yale. Hapana, huo nao ni uongo. Nilikuwa nimeshajua. Nilitaka mtu aniambie sivyo.

Kosa lenyewe ni dogo hata kulieleza ni aibu. Orodha niliipa urefu wa kioo kizima, nikasahau kwamba juu kuna tarehe na chini kuna kitufe, navyo vinakula nafasi. Kwa hiyo orodha inaamini ina nafasi kubwa kuliko iliyonayo. Mstari wa mwisho ukiwa chini ya kitufe, yenyewe inahesabu kwamba umeonekana, haioni sababu ya kusogea zaidi. Simu yangu ni kubwa na macho yangu ni mazima. Kwangu mistari minne ilikaa vizuri na nafasi ikabaki. Sote pale ofisini tuna simu kubwa na macho mazima.

Na wewe umetoa likizo yako kwa neno langu. Nimeisoma sehemu hiyo nimesimama, sikuweza kukaa.

Mdogo wako

*

Nyumbani, tarehe 14 Mei

Kaka,

Tunakusalimu. Ni wiki ya sita sijapata jibu. Pale wanapochukua barua mjini wameniambia daraja la kwenu limekwenda na maji na lori halivuki. Sijui kama ya Aprili imekufikia, au imekufikia na hutaki kuandika. Naandika tu.

Mkono wa mama bado. Mguu una nafuu, anatoka kitandani mpaka benchi la mlangoni akishika ukuta, na pale ukutani ameshaweka alama ya kiganja. Jirani wa juu anashuka kumfanyisha mazoezi ya vidole kwa vibanio vya nguo. Anamwita mama "mwanafunzi mtukutu", na mama anamfurahia kuliko mimi.

Nilimwambia mkubwa wetu. Alisema tutarekebisha kimya kimya, mbona hakuna aliyelalamika. Nikamwambia asiyeuona mstari atalalamikiaje. Akasema kama nataka kuwaandikia watumiaji wote, niandike kwa jina langu. Nikaandika: walio na dawa zaidi ya tatu, na maandishi makubwa, wahesabu pakiti zao. Siku mbili simu zilikuwa shwari. Ya tatu akapiga mzee mmoja, mpole kabisa, akaniuliza, "Binti, hii ya tano ilikuwepo siku zote?" Nilimwambia ndiyo. Akasema asante. Sijui yuko wapi na sijui ana hali gani.

Kurekebisha kwenyewe hakukuwa mara moja. Kwanza nilifupisha orodha ichukue tu nafasi iliyobaki kati ya tarehe na kitufe, na isogee humo ndani. Nikaona nimemaliza. Nikampa mama simu. Alitazama dawa tatu, akabonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto. Ya nne ilikuwepo, ukivuta inakuja yote mpaka mwisho, lakini mistari mitatu ilikuwa imekaa sawasawa kabisa na ukingo. Hakukuwa na sababu ya kuvuta. Nikakumbuka boksi lako.

Basi nimefanya kama ghala lenu. Sasa mstari wa mwisho unaoonekana unakatwa katikati, kwenye simu yoyote, kwa maandishi ya ukubwa wowote. Unaona nusu ya jina la dawa, limekaa vibaya, linakukera, unavuta. Na kitufe nimekiondoa pale chini, nimekitia ndani ya orodha, baada ya dawa ya mwisho. Hukifikii mpaka uzipite zote. Wenzangu walisema inaonekana kama imeharibika. Nikawaambia mtaalamu wa mpango huu ni mpanga maboksi wa handakini. Wakadhani natania.

Mama alivuta. Ikaja ya nne, kikaja kitufe.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha ilipokuwa. Nikamwomba msamaha, kwa sauti, yeye akiwa amekaa nami nimepiga magoti. Alinipiga kibao chepesi kisogoni, kile alichokuwa akitupiga tukichelewa kuoga, akaomba chai.

Niandikie hata ukinitukana.

Mdogo wako

*

Kambini, tarehe 5 Juni.
Miezi kumi na minane na siku kumi.

Mdogo wangu,

Daraja limetengenezwa. Barua zako mbili zimefika siku moja. Ya Mei ilikuwa juu nikafungua hiyo kwanza. Nimesoma "mkono wa mama bado" nikiwa sijui mkono umefanya nini. Nimesoma karatasi nzima hivyo, natafuta. Kisha nikafungua ya Aprili.

Leo sina salamu.

Glavu zilipopotea nililaumu simu. Wewe si simu. Ulinipa orodha nzima ya nyumbani, mlango, ngazi, maharusi, ukaweka kitufe juu ya mstari mmoja. Nami nikabonyeza. Aprili ningekuwa hapo. Mchomeleaji amerudi, ana picha ya mtoto ukutani, siwezi hata kumchukia.

Mwambie mama sikujua. Mwambie hivyo kwanza kabla ya jingine lolote. Asije akadhani nilijua nikakaa.

Kaka

*

Nyumbani, tarehe 29 Juni

Kaka yangu,

Nakusalimu hata kama hutaki. Sijitetei. Umenipiga panapostahili.

Nilimwambia mama kabla sijavua viatu, kwamba hukujua. Akasema, "Kila jioni nilikuwa najiuliza." Kaka, kumbe miezi yote hiyo alidhani umejua na umenyamaza, nami nilikuwa chumba kimoja naye na sikufikiri kuuliza. Basi si mstari mmoja niliouficha, ni miwili, na wa pili sikuujua hata mimi.

Nikupe habari zote sasa, bila kupanga. Dawa zote nne zimemezwa tangu mwisho wa Februari, siku zote, nahesabu na mimi kwa macho. Presha imeshuka. Daktari anasema mkono unaweza kurudi kiasi, si wote. Mguu anauburuta akichoka. Wiki iliyopita alilia, hakusema kwa nini. Juzi alibishana nami kuhusu chumvi mpaka nikakimbilia uani, na nilifurahi. Ofisini wamenipa kazi ya kupima programu zote kwa simu ndogo ndogo na maandishi makubwa. Wengine wanaona nimeshushwa. Mimi nimeinunulia meza simu kuukuu tano na nazitazama kama mama anavyotazama.

Ana tabia mpya. Haamini tena kwamba kitu kimeisha. Akipewa karatasi yoyote anaipitisha kidole mpaka chini, kisha anaigeuza aone nyuma. Stakabadhi, kalenda, hata picha ya harusi ya jirani aliigeuza. Barua yako ya Juni aliigeuza mara mbili, na nyuma hukuwa umeandika kitu. Aliendelea kuishika.

Nafasi ya chini nimemwachia. Ameandika kwa mkono wa kushoto, imemchukua asubuhi nzima, na hakutaka nimsaidie wala nitazame.

Mdogo wako

VAA KITU KIZITO. HASIRA NI YA NINI NYIE WAWILI

*

Kambini, tarehe 20 Julai.
Miezi kumi na tisa na siku ishirini na nne.

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa mama, na kwa jirani wa vibanio. Hapa tu wazima. Handaki limetokea upande wa pili wiki iliyopita, wachimbaji wa huku wameshikana mikono na wa kule kupitia tundu dogo kama sahani, na Msumari akageukia ukuta akajifanya anakagua taa.

Mstari umefika. Nimeusoma ukanitia maji machoni, si kwa maneno yake, maneno nayajua. Ni zile herufi. Hizo A zilizolala ubavu. Mchomeleaji aliniuliza nina nini, nikamwonyesha. Akauliza nani mtoto aliyeandika. Nikamwambia ni mama yangu, akavua kofia.

Hasira bado ipo, nisikudanganye, tumeshadanganyana vya kutosha. Lakini haina miguu tena, imekaa tu. Nilikuwa nikifikiria jambo moja hapa ghalani. Siku ile ya glavu Msumari aliponiuliza darasa la ngapi, nilinyamaza, nikaja kuandika kwako. Kama ningemeza aibu ile nisikusimulie, ya nne ingekuwa chini ya kitufe mpaka leo. Na wewe ulimeza yako miezi mitatu. Basi tuwekeane hivi: ya aibu ndiyo iandikwe kwanza, salamu zifuate.

Ya kwangu basi. Nilipompa mchomeleaji likizo, haikuwa wema mtupu. Niliogopa kurudi. Niliona wewe umejua kila kitu, kisahani changu kimewekwa kabatini, nami nitakaa wiki mbili kwenye benchi nikipisha watu. Neno lako la "hajambo" lilinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Nilikulaumu kwa yote, na robo yake ilikuwa yangu.

Kobe amebadilishiwa programu. Sasa mstari wa mwisho unaonekana wote. Bado sijaacha, nikimaliza kusoma napanda ndani ya lori naangalia kwa macho.

Kisahani usikitoe. Nitakitoa mimi.

Mpe mama karatasi hii mkononi mwake, usimsomee ya nyuma. Mwache ageuze mwenyewe.

Kaka

*(nyuma ya karatasi)*

Mama, hapa ndipo mwisho wake, nyuma hakuna kingine.
Nimeomba ofisini, wameandika, nimeisoma hadi chini na sahihi ipo. Natoka huku tarehe 12 Agosti na lori la Kobe. Kwa mwendo wake nihesabieni siku nne. Tarehe 16, jioni, dawa za saa moja nitakupa mimi.